Msaada: bodi ya AM3358 na TPS65217C. Nyingine zinazima baada ya sekunde 5, nyingine zinatoa CCCC tu, nyingine zinajiriseti

#1 kijana_wa_saketi

Wakuu, habari za kazi. Nina bodi 10 za toleo la kwanza mezani na hakuna hata moja inayofika kwenye Linux ikatulia.

Vifaa: prosesa AM3358BZCZ100, PMIC (chipu inayogawa umeme) ni TPS65217C, RAM ya DDR3 ya MB 512 (chipu moja ya biti 16), hifadhi ya eMMC ya GB 4, kristali ya 24 MHz, bodi ya tabaka 6. Mchoro umetokana na BeagleBone Black (bodi ndogo ya kompyuta yenye mchoro wa wazi), na mabadiliko ni manne:
- HDMI imetolewa, pini za LCD_DATA zinaenda kwenye skrini ya biti 16
- regyuleta ya pili ya 3.3 V (TL5209) imetolewa, 3.3 V yote inatoka LDO4 (moja ya regyuleta za ndani) ya PMIC
- imeongezwa moduli ya Wi-Fi kwenye 3.3 V hiyo hiyo
- umeme unaingia kwa soketi ya USB ndogo badala ya jeki ya 5 V

Hali ilivyo:
Kundi A (bodi 3): LDO1 inatoa 1.8 V kwa sekunde kama 5 kisha kila kitu kinazima. Reli (njia za umeme) nyingine hazipandi kabisa.
Kundi B (bodi 4): seriali inatoa CCCCCCC bila kukoma.
Kundi C (bodi 3): zinabuti kwa kadi ya microSD yenye image ya SPL (programu ndogo ya kwanza ya kubuti) iliyorekebishwa, kisha zinajiriseti Wi-Fi ikianza. Moja kati ya hizo mara nyingine inakwama mwanzoni kabisa.

Nianzie wapi?

---

#2 MzeeSkopu

Umefanya vizuri kuzigawa. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, usiyatibu kwa dawa moja. Na usiguse programu ya kundi A wala C kabla ya kupima umeme.

Kundi A kwanza, maana hizo sekunde 5 zinasema jambo. TPS65217 ikiamka huwasha reli ya RTC (saa ya ndani ya prosesa), kisha husubiri pini yake ya PWR_EN ipande. Isipopanda ndani ya sekunde 5, inajizima. PWR_EN inaendeshwa na PMIC_POWER_EN ya prosesa, na pini hiyo iko kwenye eneo la RTC ndani ya AM335x. Maana yake eneo la RTC la prosesa lisipopata uhai, prosesa haiombi umeme, na PMIC inalala. PMIC yako ni nzima, inangoja tu kuitwa.

Pima haya manne, kwa skopu, ndani ya hizo sekunde 5:
1. VDDS_RTC: 1.8 V.
2. RTC_PWRONRSTn: ipande hadi 1.8 V kutoka LDO_PGOOD. Wengi huiunganisha na 3.3 V kwa makosa. Pini hii ni ya 1.8 V.
3. CAP_VDD_RTC: karibu 1.1 V, na kapasita yake ya 1 µF iwepo.
4. RTC_KALDO_ENn: iwe chini, 0 V. Ikiwa juu, regyuleta ndogo ya ndani inayolisha RTC haiwaki, na namba 3 itakuwa haina kitu.

Kutenganisha kama tatizo liko upande wa prosesa au wa PMIC: ng'oa rezista ya 0 ohm iliyo kati ya PMIC_POWER_EN na PWR_EN, halafu vuta PWR_EN hadi LDO1 kwa rezista ya 1 k. Reli zote zikipanda, PMIC imeshinda kesi. Hiyo ni ya kupimia tu, usiiache.

---

#3 nusuvolti

Naongeza kabla hujawasha tena. Bodi ikiwa haina umeme, pima ohm za kila reli hadi graundi: SYS (umeme mkuu unaotoka PMIC), 1.5 V, 1.8 V, 3.3 V, VDD_MPU na VDD_CORE (za viini vya prosesa). Andika za bodi zote 10 kwenye jedwali moja. VDD_CORE na VDD_MPU zinaweza kusoma ohm chache au makumi, huo si ugonjwa. Prosesa yenyewe hunywa. Unachotafuta ni bodi inayotofautiana na wenzake. Tisa zikisoma 30 na moja 0.4, hiyo moja ina shoti.

Kuwasha: pawasaplai ya mezani, 5.0 V, kikomo 500 mA kwa mara ya kwanza. USB weka pembeni kabisa kwa sasa. Waya wa USB wa 28 AWG una takriban 0.21 ohm kwa mita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita 1 ni kama 0.43 ohm. Ukivuta 1 A umepoteza 0.43 V kabla ya kufika kwenye soketi, ukiacha upinzani wa soketi yenyewe. Halafu kuna jambo la pili: kama umeunganisha kwenye pini ya USB ya PMIC na si ya AC, kikomo cha kuanzia ni 500 mA. AC inaanza na 2.5 A. Umeunganisha ipi?

---

#4 kijana_wa_saketi

Mzee, asante sana. Mkuu nusuvolti, nimeunganisha pini ya USB, kweli.

Vipimo vya kundi A:

Bodi 2 na 7: VDDS_RTC 1.8, RTC_PWRONRSTn 1.8, CAP_VDD_RTC 0.2 V, RTC_KALDO_ENn inaelea kwenye 1.1 V hivi. Kwenye mchoro kuna rezista ya 10 k ya kuishusha. Nimeigusa kwa solda na fluksi, sasa ni 0 V, CAP_VDD_RTC 1.1 V, reli zote zimepanda, CCCC.

Bodi 4 (si kama nilivyoandika mwanzo): hiyo ilikuwa nzuri mpaka PMIC_POWER_EN, ambayo inapanda, halafu yote inazima papo hapo, haingoji sekunde 5. Ohm za VDD_CORE: 0.4. Nyingine zote ziko kati ya 20 na 35.

---

#5 nusuvolti

Bodi 4 ina shoti kwenye VDD_CORE. DCDC3 inajaribu kupanda, inashindwa, PMIC inafunga duka.

Kuitafuta: tenganisha koili ya DCDC3 (2.2 µH) upande mmoja ili usisukume umeme kuingia kwenye PMIC. Halafu ingiza umeme kwenye kapasita ya VDD_CORE kutoka pawasaplai ya mezani: volti isizidi 0.8, kikomo cha mkondo 1 A, kisha panda hadi 1.5 A taratibu. Usipitishe 1.1 V kwa hali yoyote, shoti ikijifungua ghafla prosesa ndiyo itakayopokea. Mwaga alkoholi ya aisopropili juu ya kapasita zote za eneo hilo, chini na juu ya bodi. Panapokauka kwanza ndipo penyewe. Kama una kamera ya joto, bora zaidi.

Mara nyingi ni kapasita ya 0402 iliyopasuka au risasi (solda) iliyoziba chini ya prosesa. Pasipokauka popote na prosesa ndiyo inayopata joto, basi ni vidonge vya BGA (vya solda chini ya chipu) vimegusana, na hapo ni eksirei.

---

#6 MzeeSkopu

Sasa kundi B. Hizo C zisikutishe, ni habari njema. ROM ya prosesa (programu ya kudumu ndani yake) hutuma herufi C kwenye UART0, 115200 8N1, ikiomba ipelekewe programu kwa XMODEM. Ukiziona na zinasomeka, umeshathibitisha mambo matano kwa mpigo: reli za msingi zipo, riseti imeachiliwa, kristali inatetema, mzunguko wake unalingana na SYSBOOT (pini zinazoiambia ROM namna ya kubuti), na UART0 imeunganishwa sawa. Usichothibitisha ni DDR: ROM haiigusi kabisa, hufanya kazi kwenye RAM ya ndani tu.

Kwa SYSBOOT[4:0] = 11100 mfuatano ni MMC1 (eMMC), MMC0 (microSD), UART0, USB0. eMMC mpya kutoka kiwandani ni tupu. Kwa hiyo bodi mpya isiyo na kadi LAZIMA itoe CCCC. Je, bodi hizo 4 ulizijaribu na kadi ile ile ya kundi C?

Zikikataa na kadi, angalia kadi: kizigeu cha kwanza FAT, kimewekwa alama ya kubuti, faili la MLO (ndiyo SPL) kwenye mzizi, lisizidi KB 109. Au iandike ghafi. ROM hutafuta kwenye 0, KB 128, KB 256 na KB 384:

`dd if=MLO of=/dev/sdX bs=128k seek=1 conv=notrunc`
`dd if=u-boot.img of=/dev/sdX bs=384k seek=1 conv=notrunc`

Hakikisha sdX ni kadi na si diski ya kompyuta yako.

ROM inaanzisha pia wochidogi (saa inayoriseti prosesa iliyoganda) ya WDT1 ya dakika 3. Ukiona CCCC zinakatika na kuanza upya kila dakika 3, hiyo ndiyo sababu, usiihesabu kama kosa la umeme.

---

#7 bandariSoft

Samahani kuingilia uzi. Bodi yangu ni AM3352, nayo kwenye seriali inatoa takataka, alama zisizosomeka, ila kwa mwendo ule ule wa CCCC, tap tap tap. Nimebadilisha adapta ya seriali mara mbili. Kristali ni ya 26 MHz.

---

#8 MzeeSkopu

@bandariSoft SYSBOOT[15:14] ndiyo inayoiambia ROM kristali ni ya ngapi: 00 ni 19.2, 01 ni 24, 10 ni 25, 11 ni 26. Ukiacha 01 na kuweka kristali ya 26, ROM inahesabu vibaya na seriali inatoka kwa 115200 × 26/24 = 124800. Tofauti ya 8.3%, hakuna UART itakayovumilia. Kuthibitisha bila kugusa solda, weka kompyuta kwenye 124800. C zikisomeka, badilisha rezista za LCD_DATA14 na LCD_DATA15. Kwa 25 MHz ingekuwa 120000, tofauti ya 4.2%, na hapo ni mbaya zaidi kwa sababu baadhi ya herufi zinapita na kukudanganya kwamba ni waya mbovu.

Usiipime kristali yenyewe kwa probu ya x1. Ina pikofaradi kama 100, itaizima. Hata x10 huongeza 10 hadi 15 pF upande mmoja.

---

#9 bandariSoft

124800 zimesomeka! C tupu. Asante mkuu, nabadilisha rezista.

---

#10 kijana_wa_saketi

Mzee, kwa kadi ya microSD bodi mbili za kundi B (1 na 9) zimepita CCCC. Na kadi ya pili, yenye image ya kawaida ya BeagleBone, zote zinasema hivi na kusimama:

`Could not get board ID.`
`Unknown board, cannot configure pinmux.`

Bodi 3 na 6 zinakataa kadi, CCCC tu. Kitu cha ajabu: nikichomoa kebo ya skrini, zinasoma kadi.

---

#11 nusuvolti

Bodi 3 na 6 umejijibu mwenyewe, si ajabu. LCD_DATA0 hadi 15 ndizo SYSBOOT0 hadi 15. Prosesa huzisoma PWRONRSTn (riseti ya kuwasha) inapopanda, mara moja, basi. Rezista zako ni 100 k kama za BeagleBone? Skrini ikiwa na 10 k ndani inayovuta chini, kwenye pini unayotaka iwe 1 unapata 3.3 × 10/110 = 0.3 V. Prosesa inasoma 0. LCD_DATA2 ikishuka, 11100 inakuwa 11000, na mfuatano unakuwa SPI0, MMC0, USB0, UART0. Hapo kadi bado ingesomwa, lakini pini nyingine zikishuka unapata mfuatano mwingine usioujua, hata usio na MMC0.

Bodi ikifika U-Boot (programu ya kubuti inayofuata SPL) soma kilichokamatwa:

`md.l 44e10040 1`

Biti 5 za chini ndizo SYSBOOT[4:0]. Unataka 1c (biti ya 5 ikiwa 1 utaona 3c). Biti 23:22 ni mzunguko wa kristali. Isipofika U-Boot, soma anwani hiyo hiyo kwa JTAG (kiunganishi cha uchunguzi). Soma na skrini ikiwepo, kisha ikiwa imechomolewa, linganisha.

Dawa kwa bodi hizi: teremsha rezista za SYSBOOT hadi 4.7 k kwenye pini zinazosumbuliwa tu. Ukikutana na 10 k ya skrini utapata 3.3 × 10/14.7 = 2.2 V, inasomeka kama 1 ila nafasi ni finyu. Dawa ya kweli toleo lijalo ni bafa kati ya prosesa na skrini, yenye pini ya kuiwasha inayobaki imezimwa mpaka programu iiwashe.

---

#12 MzeeSkopu

Hiyo ya "Unknown board" ni EEPROM (kumbukumbu ndogo ya kitambulisho cha bodi) tupu. U-Boot ya TI kwa AM335x husoma 24LC32 kwenye I2C0, anwani 0x50, ikitafuta 0xEE3355AA, kisha jina la bodi. Isipoikuta haijui pini zipangwe vipi, inasimama. SPL yako iliyorekebishwa ilikuwa imeruka kipande hicho, ndiyo maana kundi C lilipita.

Kuiandika: shusha pini ya WP (kinga ya kuandika) ya EEPROM hadi graundi (kwenye mchoro wa BeagleBone imevutwa juu, kuna pointi ya kupimia kwa kazi hii), buti kwa SPL iliyorekebishwa, simama kwenye U-Boot:

`i2c dev 0`
`i2c mw 50 0.2 aa`
`i2c mw 50 1.2 55`
`i2c mw 50 2.2 33`
`i2c mw 50 3.2 ee`

Kisha jina, herufi nane kuanzia anwani 4. A335BNLT ni 41 33 33 35 42 4e 4c 54. Soma kwa `i2c md 50 0.2 10` uhakikishe.

Lakini nakusihi usiishie hapo. Ukiandika A335BNLT umeiambia U-Boot kwamba hii ni BeagleBone Black: itatumia nyakati za DDR za BeagleBone na DTB (faili la orodha ya vifaa) yenye HDMI ambayo huna. Kwa majaribio ya mezani sawa. Kwa bidhaa, andika jina lako mwenyewe na uongeze bodi yako kwenye chanzo cha U-Boot, pamoja na thamani za DDR za chipu uliyonunua.

---

#13 kijana_wa_saketi

Nimeelewa, Mzee. EEPROM zimekubali. Rezista za 4.7 k nimeweka bodi 3 na 6, `md.l` inasoma 3c skrini ikiwepo. Bodi 4 alkoholi ilikauka juu ya kapasita moja ya 0402 upande wa chini. Nimeing'oa, VDD_CORE sasa ohm 28.

Sasa kundi C: bodi 5, 8, 10. Multimita inaonyesha 3.3 V imetulia muda wote, hata ikijiriseti.

---

#14 nusuvolti

Multimita haiwezi kuona mshuko wa mikrosekunde 200. Kabla ya skopu, muulize prosesa mwenyewe kwa nini alilala. Baada ya kujiriseti simama kwenye U-Boot:

`md.l 44e00f08 1`

Biti 0 ikiwa 1: riseti baridi, yaani PWRONRSTn ilishuka, umeme. Biti 1: programu. Biti 4: wochidogi. Biti 5: riseti ya nje ya pini ya NRESET. Biti hujikusanya, kwa hiyo zifute kwa `mw.l 44e00f08 33` kisha endelea kubuti na uchokoze Wi-Fi. Ukikuta 1, tafuta umeme. Ukikuta 10, wacha umeme, tafuta programu iliyoganda.

Kisha skopu: ishike PGOOD (ishara ya PMIC kwamba reli ziko sawa) inaposhuka, kunasa mara moja (single), kizingiti katikati ya kiwango chake. Chaneli ya pili 3.3 V, ya tatu SYS, ya nne VDD_CORE. Anayeshuka KWANZA ndiye mkosaji. SYS ikitangulia, ni waya au kikomo cha 500 mA cha pini ya USB. 3.3 V ikitangulia na SYS imesimama, ni LDO4.

Nami naweka dau kwenye LDO4. Kwa TPS65217C inatoa 400 mA, mwisho. Umeipa I/O ya prosesa, eMMC, chipu ya Etheneti na Wi-Fi. Moduli ya Wi-Fi inaporusha mawimbi inaweza kuvuta 300 mA na zaidi kwa muda mfupi, ikiwa peke yake. TL5209 haikuwekwa kwenye BeagleBone kwa urembo.

---

#15 kijana_wa_saketi

`44e00f08: 00000001` mara zote 6.

Skopu, kwa pawasaplai ya mezani: 3.3 V inashuka hadi 2.7 V, PGOOD inaanguka, SYS imebaki 4.9 V. Kwa waya wa USB: SYS inashuka kwanza hadi 4.1 V. Kwa hiyo ni yote mawili?

---

#16 MzeeSkopu

Ni yote mawili, na la pili lilikuwa linalificha la kwanza. Ndiyo maana tulisema USB ikae pembeni.

Tiba kwa bodi zilizopo: inua ferrite inayolisha Wi-Fi, na uilishe kwa moduli ndogo ya DC-DC ya 3.3 V, 1 A, kutoka SYS. Pini yake ya kuiwasha ifungwe kwenye 3.3 V ya LDO4, isiwe imewashwa daima. Hilo ni la lazima. Wi-Fi ikiwa na umeme wakati prosesa imezimwa, pini zake zitasukuma umeme kuingia kwenye prosesa kupitia diodi za ulinzi, na reli ya 3.3 V itabaki inaelea kwenye volti moja na kitu. Ukiwasha tena, prosesa inaanza kutoka hali isiyoeleweka: mara inabuti, mara haibuti. Baada ya kurekebisha, zima na upime 3.3 V: ishuke hadi karibu na sifuri kabla hujawasha tena. Ikibaki juu, kuna mlango mwingine wa kuvuja, na adapta yako ya seriali ya 3.3 V ni mshukiwa wa kwanza. Ichomoe upime tena.

Karibu na Wi-Fi weka 22 µF mbili. Zile za SYS usitumie za 6.3 V za umbo dogo. Kwenye 5 V kapasita za X5R za namna hiyo hupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake. Tafuta za 10 V au 16 V, 0805.

Hamisha umeme kwenda pini ya AC.

---

#17 kijana_wa_saketi

Bodi 5 na 8 zimekaa saa 14 na Wi-Fi inapakua mfululizo, hakuna riseti. 3.3 V baada ya kuzima ilikuwa 1.2 V, nikachomoa adapta ya seriali ikawa 0.06. Bodi 10 ndiyo ile inayokwama. Inafika `Trying to boot from MMC1` (kwa SPL hiyo ni microSD) kisha kimya. Mara 3 kati ya 10.

---

#18 nusuvolti

Hapo ndipo SPL inapopakia U-Boot kwenye DDR kwa mara ya kwanza. Pima 1.5 V kwenye kapasita za chipu ya DDR, VREF 0.75 V, rezista ya DDR_VTP 49.9 ohm 1% na ya ZQ 240 ohm 1%. Zote zikiwa sawa, shusha saa ya DDR kutoka 400 hadi 303 MHz kwenye SPL. Ikitulia kwenye 303, ni nyakati au njia za shaba, na bodi zote 10 zina nafasi finyu, si hii tu. Isipotulia hata kwenye 303, ni risasi. Usiende chini ya 303, DDR3 yenyewe haikubali. Ikifika U-Boot: `mtest 81000000 8fffffff`, uone kama biti inayokosea ni ile ile kila mara.

---

#19 kijana_wa_saketi

Volti na rezista ziko sawa. 303 MHz: bado inakwama. `mtest` ilipofanikiwa kuanza, biti ya 11 ndiyo inayokosea kila mara. Nikibonyeza kidole juu ya chipu ya DDR, makosa yanaisha.

---

#20 MzeeSkopu

Kidonge cha DQ11 hakijashika. Fluksi ya majimaji chini ya chipu, pasha bodi nzima kwa chini hadi 150 °C kwanza, kisha hewa ya moto juu ya DDR hadi risasi iyeyuke, karibu 235 hadi 245 °C kwa risasi isiyo na plumbi, sekunde 30 hivi. Usibonyeze wakati imeyeyuka. eMMC iliyo jirani ifunike kwa tepu ya kaptoni na karatasi ya alumini. Ikikataa, ng'oa, safisha, weka vidonge vipya, usiipashe mara ya tatu.

---

#21 kijana_wa_saketi

Imekubali mara ya kwanza. `mtest` mizunguko 40 kwenye 400 MHz, makosa 0. Bodi zote 10 ziko kwenye Linux. Naweka mchoro wa toleo la pili hapa Jumatatu, wenye bafa ya LCD na 3.3 V ya pili, mnipitishie macho kabla haujaenda kiwandani.